Gari si Injini

Nenda Kasulu au Kibondo na nia ya kununua Probox iliyotumika, na kabla hujagusa kitasa cha mlango utakuwa umeshasomewa kanuni ya imani: gari ni injini, mengine mabati. Dalali atafungua boneti. Kijana atawasha. Chupa ya maji itasimamishwa juu ya kava ya injini ili uone maji yasivyotikisika, na waliozunguka wataguna kwa kuridhika. Fundi uliyekuja naye ataweka kiganja kwenye bomba la ekzosi, atakinusa, atasema, "Mashine iko poa, bosi." Hapo bei inaanza kujadiliwa. Hakuna aliyepiga goti, hakuna aliyelala chali. Gari zima limeshahukumiwa kwa ile sehemu yake moja inayotazamika bila kuchafua shati.

Kanuni hiyo nataka kuipinga, na sitaki kuipinga kwa kuizungukazunguka. Kwa stesheni wagoni ya Kijapani iliyozeeka, katika barabara za nyanda za juu za Kigoma, injini ni kati ya vitu vitakavyokuumiza kidogo. Kitakachokufilisi ni hayo yanayoitwa mabati.

Nianze kwa kuwatendea haki wanaoamini hivyo, maana kauli yao haikuzuka hewani. Iliwahi kuwa kweli, ila kwa gari jingine na kwa zama nyingine. Wazee waliowafundisha mafundi wa leo walijifunzia kwenye Landrova, ile 109 ndefu iliyobeba watu, mbuzi na magunia hadi vijiji ambavyo basi halikuthubutu kuvifikia. Landrova ile ilikuwa na chasesi yake peke yake: fremu ya chuma kizito iliyolala chini kama ngazi, juu yake ukafungwa mwili wa aluminiamu. Mwili ukibonyea, ulinyooshwa kwa nyundo. Chasesi ikipasuka, ilichomelewa kipande cha chuma na safari ikaendelea. Injini sasa! Ikifa, ilihitaji vipuri kutoka Uingereza, na katika miaka ya mwisho ya sabini na ya themanini nchi haikuwa na fedha za kigeni za kununulia hata dawa za hospitali, sembuse pistoni. Gari lilipandishwa juu ya matofali na kuku wakataga ndani yake. Kwa mtu wa zama hizo, kusema gari ni injini kulikuwa kusema alichokiona.

Ila hata zama hizo kulikuwa na ushahidi wa upande wa pili, tena uliotangazwa redioni kila Pasaka. Mashindano ya Safari Rally yalipokuwa yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, mwaka 1964 Wamarekani walileta Mercury Comet sita zenye injini za silinda nane. Mbili tu ndizo zilizomaliza. Aliyeshinda alikuwa na Ford Cortina, kigari cha Kiingereza chenye injini isiyofika nusu ya ile ya Comet. Mwaka 1963 na tena mwaka 1968 ni magari saba tu yaliyofika mwisho, na mara zote mbili lililotangulia lilikuwa Peugeot 404. Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, alishinda mwaka 1966 na akarudia mwaka 1967 kwa gari hilohilo la Peugeot, lenye injini ya lita 1.6 ambayo leo mtu wa kijiweni angeiita mashine ya kusagia. Washindani wake hawakukosa nguvu za farasi. Walikosa kitu cha kuzishikilia hizo nguvu pale barabara ilipogeuka mashimo na tope.

Sasa tulitazame gari lenyewe tunalolizungumzia. Toyota ilianza kuuza Probox Julai 2002, kuchukua nafasi ya Corolla ya mizigo. Ilichorwa kwa ajili ya mtembeza bidhaa wa Kijapani: mtu mmoja au wawili mbele, sampuli na makabrasha nyuma, lami chini. Toleo la mizigo liliruhusiwa kubeba takriban kilo 400 likiwa na watu wawili, na likijaza viti vyote vitano mzigo unashuka hadi kilo 250. Injini iliyo maarufu kwetu ni ya 1500, ambayo mafundi wote huiita 1NZ. Na hapa ndipo hoja ya "gari ni injini" inapoanza kukatika miguu. Injini hiyohiyo imo kwenye IST ya 1500, imo kwenye Fielder, Raum, Sienta na Spacio. Nchi imejaa injini hizo. Ukiihitaji, unapiga simu Ilala au Gerezani kule Dar es Salaam, unatuma pesa kwa simu, na injini ya mtumba inapakiwa kwenye buti la basi. Ikishuka Kasulu, fundi wa kawaida anaifunga, na ukitaka kuwa mwananchi mwema unakwenda TRA kurekebisha namba ya injini kwenye kadi. Inauma mfukoni, sikatai. Lakini ni maumivu yenye bei inayojulikana na yenye mwisho.

Haya, piga simu Ilala uagize sakafu ya Probox. Agiza mnara wa shokapu. Agiza kizingiti cha mlango kilichooza kwa ndani. Atakayepokea simu atakuuliza kama unatania.

Tofauti ni kwamba Probox haina chasesi ya peke yake. Bodi ndiyo chasesi. Sakafu, vizingiti, nguzo za milango, paa na ule ukuta mdogo unaotenganisha injini na miguu yako, vyote vimeunganishwa kiwandani kwa maelfu ya vidoa vya kuchomelea na vyote vinagawana uzito. Ni bati jembamba lililokunjwa kwa akili. Nguvu yake imo kwenye mikunjo. Mkunjo mmoja ukipasuka, uzito unahamia kwa jirani, naye anapasuka kwa zamu yake. Ukichomelea bati juu ya ufa, umeacha pembeni mwa weldi bati lililoungua na kulegea, na ufa mpya utaanzia hapohapo. Kwa hiyo mtu anayesema "mengine mabati" kuhusu Probox amesema, bila kujua, kwamba mengine ni chasesi.

Tukubaliane basi kuhusu mahali pa kutazama. Nitakaa hapa muda mrefu kidogo kwa sababu hapa ndipo pesa yako ilipo.

Fungua boneti, sawa, lakini iache injini. Tazama kule nyuma, kushoto na kulia, zinapofungwa shokapu za mbele kwa nati tatu kila upande. Hiyo ndiyo minara ya shokapu. Kila shimo ulilowahi kupiga kati ya Makere na Nyarugusu limegongea hapo. Pitisha kidole kuzunguka nati. Unatafuta mstari mwembamba wa kutu, rangi iliyochanika kama gome, silikoni iliyopakwa juzi, au bati lililoinuka kidogo na kutengeneza kikombe. Kiwanda kilichomelea kwa vidoa vya duara vilivyopangwa kwa nafasi sawa. Ukiona mstari mrefu wa weldi wenye mabonge, ujue amepita fundi wa kwetu. Angalia na vichwa vya bolti za madigadi: bolti iliyowahi kufunguliwa huwa imechubuka rangi kwenye kona. Mtu hafungui madigadi ya mbele kwa burudani.

Kisha omba jeki. Inua gari kwenye kona moja ya mbele mpaka gurudumu liache ardhi, halafu fungua na kufunga mlango wa upande huo. Mlango uliokuwa ukifunga vizuri dakika moja iliyopita na sasa unagoma au unakwaruza unakuambia kwamba mwili wa gari unajipinda. Kipimo hiki hakihitaji kompyuta wala cheti. Sijaona dalali anayekipenda.

Baada ya hapo, liendeshe taratibu na kwa unyoofu kwenye vumbi laini, ushuke, uzitazame alama za tairi. Alama za nyuma zinapaswa kukaa sawasawa upande wa kushoto na wa kulia ukilinganisha na za mbele. Zikiwa zimesogea zote upande mmoja, gari hilo linatembea kiupandeupande: liliwahi kugongwa na kunyooshwa kwa macho, au ekseli ya nyuma imehama kwenye bushi zake. Watu wa Kibondo wana bahati moja ambayo watu wa mjini hawana, nayo ni kwamba vumbi la kufanyia kipimo hiki halijawahi kuadimika.

Chini sasa. Hapa ni kulala chali au kulipeleka kwenye shimo la gereji. Tazama sehemu springi za nyuma zinapokaa: bati limebonyea? Limetiwa kiraka? Tazama kama gari limewekewa spesa. Kwetu kila Probox inainuliwa ili isikwaruze tumbo, na anayeliuza atakusifia urefu huo. Gari limeinuka, ndiyo, lakini mishafti ya mbele sasa inafanya kazi katika pembe ambayo haikuchorewa, mipira yake inachanika, grisi inatoka, vumbi linaingia, na ukikata kona kwa usukani uliozungushwa hadi mwisho utasikia tak-tak-tak. Spesa zenyewe si dhambi. Swali ni nani aliziweka, ni za chuma kilichochongwa au za mpira uliokatwa kwenye tairi bovu, na kama baada ya kuziweka mtu alirudi kupima alaimenti. Tairi za mbele zilizolika upande wa ndani tu zitakujibu hata kama muuzaji hataki.

Shika gurudumu lililoinuliwa, mkono mmoja juu na mwingine chini, ulitikise. Kisha shika kushoto na kulia. Mchezo wa juu na chini ni beringi au boljointi. Wa kushoto na kulia ni tairodi. Hivyo vyote vinanunulika na vinafungika, kwa hiyo viandike kwenye hesabu yako ya kupunguza bei na usonge mbele.

Nguvu ya hoja yangu yote imekaa kwenye neno moja ambalo kila msomaji wa Kigoma analijua: mchomoko. Probox nyingi zinazouzwa huku zimewahi kuwa michomoko, zikikimbiza abiria kati ya miji na vijiji. Fanya hesabu mwenyewe. Dereva na abiria tisa, kila mmoja kilo 60 tu, ni kilo 600. Ongeza gunia la maharage, ndoo mbili za mawese, kuku wanne na begi la mwalimu anayeripoti kituo kipya cha kazi. Gari lililochorwa kubeba watu watano na kilo 250 limebeba zaidi ya hayo kila siku, kwenye mashimo, kwa kasi ya mtu anayewahi zamu. Injini inavumilia. Toyota waliitengeneza vizuri, na dereva wa mchomoko, niseme ukweli, hubadilisha oili kwa wakati kuliko mwalimu mkuu mwenye gari la kutembelea. Ndiyo maana ukifungua boneti utaridhika. Anayelipia kilo 600 hizo ni bati la chini.

Wauzaji wanalijua hilo, kwa hiyo gari likistaafu hubadilishwa namba nyeupe za biashara na kupewa za njano za binafsi, viti vinavishwa kava mpya, na unaambiwa lilikuwa la mama mmoja wa benki. Usibishane naye. Vuta mkanda wa kiti cha nyuma mpaka mwisho wake. Mkanda wa gari la familia hutoka safi, au una mstari mmoja wa vumbi. Wa mchomoko ama hautoki kabisa kwa sababu hakuna aliyewahi kuufunga, ama unatoka na udongo mwekundu wa misimu kadhaa. Angalia bawaba za mlango wa nyuma wa kushoto, ule wa abiria: ukiuinua kwa mkono na ukapanda, ujue umefunguliwa na kufungwa na watu ambao hawakuwa wenye gari. Angalia zulia la buti, na chini ya zulia. Angalia ndani ya taa za nyuma. Vumbi lililoingia ndani ya taa limepitia mahali, na mahali hapo si pa kiwandani.

Najua nitajibiwa: kwa hiyo injini isitazamwe? Itazamwe, lakini kwa namna inayosema kitu. Chupa ya maji isiyotikisika inakuonyesha kwamba injini haitetemeki wakati huo, basi. Haikuambii kama ringi zimekwisha. Nenda asubuhi, gari likiwa limelala nje na kupigwa na baridi ya Kasulu, weka mkono kwenye injini kabla haijawashwa. Ikiwa ya moto, mtu ameiwasha ili usisikie inavyoamka. Moshi wa bluu kwenye sekunde za kwanza ni oili inayoungua. Mlio wa cheni unaodumu kwa muda baada ya kuwasha ni cheni iliyolegea au oili isiyofika juu kwa wakati. 1NZ haina mkanda wa taimingi wa kubadilishwa kila baada ya muda, ina cheni, na cheni hufa kwa oili chafu. Fungua kifuniko cha rejeta injini ikiwa bado ya baridi. Maji matupu yenye rangi ya kutu yanakupa hadithi ndefu: gari lilichemka, mtu akatoa thamostati akidhani ndiyo mbaya, likaendelea kunyweshwa maji ya kisima. Injini ya namna hiyo inaweza kutembea miaka. Inaweza pia kupindisha silinda hedi kwenye mpando wa kwanza wa Heru Juu ukiwa umebeba mahindi. Kama gia ni otomatiki, vuta kijiti cha oili ya giaboksi na uinuse. Harufu ya kuungua ukutane nayo hapo, usije kukutana nayo mlimani. Kwa Probox zilizotoka kuanzia 2014, otomatiki yake ni CVT, na ukisikia muuzaji anasema hutiwa "ATF yoyote tu" mshukuru kwa ukweli wake, uondoke.

Hayo yote ni ya kweli na yote yana tiba. Ukiniambia nichague kati ya Probox yenye bodi nzima na injini inayokula oili, na Probox yenye injini tamu na minara ya shokapu iliyopigwa viraka, nitachukua ya kwanza bila kulala juu yake. Injini mbovu ni sababu ya kushusha bei. Bodi mbovu ni sababu ya kurudi nyumbani.

Kanuni ya "gari ni injini" ina ndugu zake wawili watatu, nao tuwashughulikie harakaharaka. Wa kwanza ni herufi ya namba. Tanzania nzima inauza magari kwa alfabeti: hili ni namba C, hili namba D, hili namba E, na kila herufi ina bei yake. Herufi hiyo inakuambia siku gari liliposajiliwa hapa, basi. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane tangu kutengenezwa. Sisi tunaruhusu, tunachofanya ni kulitoza ushuru wa uchakavu. Kwa hiyo Probox ya mwaka 2004 inaweza kushuka bandarini Dar es Salaam na kupewa namba mpya kabisa, ikawa na herufi changa kuliko ya jirani yako ambaye gari lake ni dogo kwa miaka sita. Mwaka wa kutengenezwa umeandikwa kwenye kadi. Soma kadi.

Wa pili ni kilomita. Kilomita laki moja za barabara ya Nagoya na kilomita laki moja za Mabamba hazilingani kwa lolote isipokuwa tarakimu, na hata hizo tarakimu mtu mwenye kompyuta ndogo huzirudisha nyuma kabla chai haijapoa. Pedali ya breki iliyolika mpira, usukani unaong'aa na kiti cha dereva kilichobonyea upande wa mlango ni odometa ambayo wachache hukumbuka kuirekebisha.

Wa tatu ni huyu anayesema: mimi nitanunua lililotoka Dar, halijaona vumbi. Kweli halijaona vumbi. Limeona chumvi ya bahari, na huenda limeona mafuriko. Inua zulia la miguu ya dereva, ulinuse. Matope yaliyokauka kwenye soketi za nyaya chini ya dashibodi hayakupanda huko kwa miguu.

Kuna na mtego ambao watu wa nyanda za juu ndio hasa wanaoutafuta kwa hela yao: Probox ya kuvuta magurudumu yote manne. Kwa tope letu la Novemba hadi Aprili, nani asiyeitaka? Sasa jiulize Mjapani anayenunua kigari cha mizigo cha magurudumu manne anaishi wapi. Mara nyingi anaishi Hokkaido au kaskazini mwa Honshu, kwenye theluji, na barabara za theluji humwagiwa chumvi. Gari unalolitamani kuliko yote ndilo lenye uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa limeliwa chini kabla halijapanda meli. Hapo kanuni ya "gari ni injini" inakuwa hatari maradufu, kwa sababu injini iliyoishi kwenye baridi na kutunzwa na Mjapani itakuwa nzuri mno. Nenda chini na bisibisi. Gonga vizingiti na mabomba ya breki. Bati zima linalia. Lililooza linanyamaza na kumwaga unga. Ukiwa hukohuko chini, hakikisha propela ya kwenda nyuma bado ipo, maana wapo wanaoitoa ikiharibika na kuiacha nembo ya magurudumu manne ikiendelea kusalimia watu kwenye mlango wa buti.

Hoja ya kisasa zaidi ni ya lami. Barabara ya Kidahwe hadi Kasulu imepata lami, na ule mradi mkubwa wa Kabingo, Kibondo, Kasulu hadi Manyovu, kilomita zipatazo 260 zilizogawanywa vipande vinne kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika, umebadilisha mazungumzo ya vijiweni. Sasa barabara ni nyororo, wanasema, kwa hiyo haya mambo ya minara ya shokapu ni ya zamani. Sivyo. Gari unalouziwa leo halikuishi kwenye lami hiyo; liliishi kwenye barabara iliyokuwapo kabla yake, na lami haina uwezo wa kuponya ufa ulioanza miaka kumi iliyopita. Halafu shamba lako halipo kando ya barabara kuu. Kifura, Kitanga, Muyama: ukiacha lami unarudi kwenye udongo uleule. Na kitu kingine ambacho wanaoshangilia hawakitaji ni kasi. Kwenye udongo, bodi iliyochoka ilipasuka ukiwa kwenye kilomita 40 kwa saa, ukashuka, ukatukana, ukaita fundi. Kwenye lami utakuwa kwenye 100. Lami imeongeza sababu za kutazama chini.

Kuhusu karatasi sitachelewa, kwa kuwa watu wengi wanazijua ila wanaona haya kuuliza. Jina kwenye kadi liwe la anayeuza, au awepo mwenye jina. Namba ya chasesi iliyopigwa kwenye chuma isomeke na ilingane na ya kwenye kadi. Kama eneo hilo limepigwa rangi mpya wakati sehemu nyingine ina rangi ya zamani, simama hapo. Angalia madeni ya trafiki kwa namba ya gari kwenye mfumo wa polisi, maana kila kosa ni shilingi 30,000 na mchomoko unaweza kuwa na makosa mengi kuliko abiria. Andikianeni mbele ya mwanasheria, na umiliki ubadilishwe TRA kabla pesa yote haijatoka mkononi mwako.

Anayebaki kupinga ataniuliza swali la maana kuliko yote: nitampata wapi wa kunitazamia hayo? Fundi wangu ni wa injini. Ndiyo, na hapo ndipo kosa linapoanza. Unampeleka mtaalamu wa injini, atakupa habari za injini, na wote mtarudi nyumbani mkiamini kwamba habari za injini ndizo habari za gari. Mwache apumzike. Mchukue mchomeleaji, yule kijana mwenye miwani myeusi na mkono wenye makovu anayeshinda chini ya michomoko akiiunga. Yeye ndiye anayejua Probox hufia wapi, kwa sababu anaitiwa huko kila wiki. Na katika miji midogo kama hii, inawezekana kabisa gari unalolitazama alilichomelea yeye mwenyewe, na weldi yake ataitambua. Mlipe kwa kazi ya kutazama, ununue usinunue, na mlipe wewe. Asilipwe na dalali.

Akitoka chini na kukuambia kuna ufa mfupi upande mmoja wa mnara, ambao haujafika kwenye mkunjo, muulize gharama ya kuuziba vizuri kwa bati la unene unaofaa, uitoe kwenye bei pamoja na zile boljointi na tairodi ulizoandika, kisha uendelee na mazungumzo. Akikuambia nyufa ziko pande zote mbili, au sakafu imelaliwa bati juu ya bati, au muuzaji akikataa katakata gari lisiingie kwenye shimo, mpe fundi ujira wake, mrudishie dalali ufunguo, panda bodaboda ukatazame jingine.